Ghala letu sio jengo tupu, mhariri naomba mnisikilize

Ndugu mhariri, salamu kutoka huku upande wa Urambo. Mvua zimekatika na saivi kila mtu yupo kwenye mahindi na tumbaku ya mwisho mwisho kwenye mabani, yale mabanda ya kukaushia tumbaku kwa moto. Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua na naomba msiikate sana maana nimeiandika kwa simu siku tatu usiku usiku watoto wakishalala.

Nataka kuongelea ghala letu. Lipo pale njia panda ya kijiji chetu, la matofali ya kuchoma na bati za zamani zile nzito, wazee wetu walilijenga kupitia chama cha ushirika kabla serikali haijavifuta vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, na hata vyama viliporudishwa mwaka 1982 liliendelea kupokea tumbaku ya watu, mi mwenyewe nikiwa mtoto nilikuwa natumwa kumpelekea baba chakula pale siku ya soko, harufu ya ile tumbaku mpaka leo nikifumba macho naisikia. Baadae chama kikapata ghala kubwa kule barabarani ambako lori linafika masika na kiangazi, hili la zamani wakaliacha mikononi mwa kijiji, likabaki na popo. Mlango mmoja ukaondoka, wa pili ukaondoka, bati za upande wa magharibi zikaanza kupungua usiku. Watoto tukawa tunawakataza kupita pale jioni.

Sasa sisi ni kikundi cha kulimiana. Hatujasajiliwa kwa jina kubwa lolote, watu wanatuita tu "wale wa Jumatatu" kwa sababu Jumatatu na Alhamisi wakati wa kilimo hutukuti kwenye mashamba yetu wenyewe, tupo kwenye shamba la mmoja wetu wote kwa pamoja. Tupo 34, wanawake ni 21. Wanyamwezi ndo wengi, Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao wamo na wamekuja na elika yao, yaani vikundi vya kwao vya kulima pamoja, Waha wamo ambao babu zao walikuja kutoka Kasulu na Kibondo kufanya kibarua cha tumbaku wakabaki, na wawili familia zao zilitokea Burundi zikafikia makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu mwaka 1972. Tulipokaa kuongea kila mtu akaeleza kwao walikuwa wanasaidianaje, tukaona jamani ni kitu kile kile, tofauti ni jina na ngoma.

Utaratibu wetu ni rahisi. Anayeanza kulimiwa ni yule mwenye shida, mwenye shamba kubwa atasubiri. Mama aliyejifungua juzi, aliyefiwa na mume, mgonjwa, mzee ambaye watoto wake wote wapo Dar na hawatumi kitu, hao ndo shamba la kwanza. Tunaingia saa kumi na mbili asubuhi tunatoka saa tano, anayechelewa anabeba maji ya kunywa ya watu wote na hamna mjadala hata akiwa mwenyekiti. Kijana anapiga ngoma pembeni, wale waliokulia kwenye bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma, wanarusha jembe juu wanalidaka bila kupoteza mdundo, na wewe ambaye mgongo ulishaanza kulalamika unajikuta unasogea tu na mstari. Zamani mwenye shamba alikuwa lazima apike pombe, sisi akina mama tulilikataa hilo tukashinda kwa kura, kwa sababu mjane ambaye hana hata unga wa kula utamwambia apike pombe ya watu thelathini? Siku hizi mwenye shamba anatoa anachoweza, michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na karanga, uji, wakati mwingine maji tu na asante.

Ndo kikundi hiki kililiona lile ghala. Tuliomba, mkutano mkuu wa kijiji ukakubali, watu walinyoosha mikono nikiwepo, muhtasari ukaandikwa mstari mmoja kwamba kikundi "kipewe ghala kwa matumizi ya kikundi na jamii." Hatukuuliza kwa muda gani wala hatukuomba nakala yenye muhuri. Hapo tulikosea na leo tunalipia kosa hilo.

Ukarabati ulituchukua miaka miwili na nusu. Tuna mizinga ya nyuki kule msituni, mingi ni ile ya magome ambayo wazee wametufundisha kuichonga na michache ni ya kisasa ya mbao, asali ya kila msimu ilikuwa inanunua bati mbili, tatu, saruji mifuko miwili. Sakafu tulisindilia wenyewe. Milango alitengeneza fundi wa kijijini kwa mbao za mninga na hakutaka hela, alisema mama yake alilimiwa na sisi mwaka aliovunjika nyonga. Tukafunga na sola ndogo, taa tatu.

Mwaka huu ndo tukaambiwa yupo mfanyabiashara wa mazao analitaka ghala, atalipa kodi kila mwezi, kwaiyo kikundi kijiandae kuondoka au kilipe kodi hiyo hiyo. Sababu tuliyopewa ni kwamba mali ya kijiji inatakiwa izalishe na kikundi chetu "hakina mapato." Mhariri neno hilo limenikaa kifuani. Mmoja wa viongozi akaongeza kwamba tungekuwa kikundi cha mkopo ingekuwa rahisi kututetea, maana kuna ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya wenye ulemavu, na kikundi chenye mkopo kinaonekana kwenye taarifa. Mi sina ugomvi na mikopo, imewasaidia watu na nawajua. Lakini kumbe ukilima shamba la mjane bure taarifa haikuoni? Haina hata sehemu ya kuliandika shamba hilo?

Naomba nieleze kinachofanyika ndani ya lile ghala, alafu wasomaji waseme wenyewe kama halizalishi.

Kikubwa kuliko vyote ni akiba ya chakula. Kila mwanakikundi akimaliza kuvuna analeta debe moja la mahindi, akiwa na mavuno mazuri anaongeza, na wasio wanachama wanaotaka kuingia kwenye akiba wanaleta pia. Mahindi yale hayauzwi. Yanakaa mpaka Januari na Februari, ile miezi ambayo shamba ni la kijani kila mahali na ndani hamna kitu, nyie mnaoishi mjini hamuijui, mtu anapalilia tumbaku tangu alfajiri na jioni anachemsha majani. Hapo ndo tunafungua. Anayechukua debe anarudisha debe baada ya kuvuna, hamna riba, na asiyeweza kurudisha anaongea na kamati, wapo watu wanne tu kwenye kamati hiyo na wawili lazima wawe wanawake kwa sababu mwanamke mwenye njaa hawezi kwenda kujieleza mbele ya wanaume wanne. Tulijifunza hilo baada ya mama mmoja kukaa siku nyingi na watoto bila kusema, alikuja kugundulika na mtoto wake mdogo aliyekuwa anaokota mahindi yaliyodondoka mlangoni mwa ghala siku tunaanika. Mtoto wa miaka minne anajaza mfuko wa kaptula! Niliongea naye nikamfuata mpaka kwao. Nisingependa kuandika zaidi ya hapo ila tangu siku ile tulibadilisha kamati.

Mwaka wa kwanza wa akiba tulipata hasara. Tulihifadhi mahindi kwenye magunia ya kawaida, tukachelewa kuweka dawa, tulipofungua robo nzima ilikuwa unga na matundu. Dumuzi. Huku kwetu wengi wanamwita skania kwa sababu ana nguvu kama lile lori, na kwa wasiojua, huyu mdudu sio wa hapa, asili yake ni Amerika ya Kati na sehemu ya kwanza kabisa Afrika alikoonekana ni huku huku kwetu Tabora, miaka ya mwanzo ya 1980. Nilikuwa shule ya msingi. Nakumbuka mama alipanda kwenye kihenge kushusha mahindi ya kusaga, akachomoa gunzi likavunjika mkononi mwake, vumbi tupu, akakaa chini pale pale hakusema kitu. Wakati ule watu walikuwa wanahifadhi mahindi kwenye magunzi yake na dumuzi ndo anakopenda, anapata pa kujishikilia wakati anatoboa, mabwana shamba wakaja kutuambia tupukuchue kwanza, tuchanganye na dawa ya unga ndo tuhifadhi. Sasa sisi na ujuzi wote huo bado tulizembea mwaka wa kwanza. Siku hizi akiba yote inaingia kwenye mifuko ya kinga njaa, ile yenye plastiki mbili ndani na kiroba nje, mahindi yakiwa makavu sawasawa ukaifunga vizuri mdudu aliyemo anakosa hewa anakufa, huhitaji hata dawa. Ila mifuko ile haitaki panya wala unyevu, ukitobolewa imekwisha kazi. Ndo maana nasema ghala. Haiwezekani mifuko mia na kitu ukaigawa kwenye nyumba za nyasi za watu ikabaki salama, na huyu anayetuambia tutafute sehemu nyingine nilimuomba anionyeshe hiyo sehemu nyingine.

Jambo la pili ni misiba. Mle ndani kuna viti vya plastiki 120, sufuria kubwa sita, maturubai mawili, majembe na sururu za kuchimbia kaburi na toroli. Mwanakijiji yeyote akifiwa anakuja kuchukua, awe mwanachama asiwe mwanachama, Mwislamu, Mkristo, wa dini za wazee, hatuulizi. Halipi. Kikitokea kifo usiku tuna filimbi, ikilia mara tatu vijana wa kaburi wanakutana ghalani na akina mama wa kuni na maji wanakutana nyumbani kwa mfiwa, hamna mtu anaanza kupigiana simu kuuliza nani afanye nini. Mwaka juzi masika alifariki baba mmoja aliyekuwa hana ndugu hapa kijijini, alikuja kulima tumbaku akaugua. Mto ulikuwa umejaa hamna gari inayopita kumsafirisha na kwao hata hatukupajua vizuri. Kikundi kilimzika, mvua inanyesha, kaburi linajaa maji vijana wanachota kwa ndoo huku wengine wanachimba. Nguo ya kumvisha alitoa mwanachama mwenzetu. Ndugu zake walikuja baada ya mwezi mmoja wakakuta kaburi lina kibao na limezungushiwa mawe, kaka yake mkubwa alilia akatushika mikono mmoja mmoja sote 34. Sasa kazi kama ile utaiandika kwenye mapato ama kwenye matumizi?

Kliniki ya watoto inakuja mara moja kwa mwezi, wahudumu walikuwa wanapimia watoto uzito chini ya mwembe, siku hizi mzani unaning'inizwa kwenye boriti ya ghala. Wanafunzi wa darasa la saba na wa sekondari wanasoma pale usiku kwa zile taa tatu mpaka saa nne, zamu ya kuwalinda ni ya wazazi. Harusi pia zipo, na mikutano. Miche ya miti tunaisia nyuma ya ghala, kwa sababu tumbaku yetu ni ya mvuke na bani halijui huruma kwa kuni, msitu wa miombo uliokuwa unaanza nyuma ya nyumba za wazazi wetu siku hizi unautafuta kwa baiskeli, na msitu ukiisha nyuki nao wanaondoka, kwaiyo ile miche sio pambo. Kila mwanachama mwenye bani anaondoka na miche na tunaenda kukagua kama ameipanda kweli.

Mwanangu wa pili yupo chuo Tabora mjini, nilipomlalamikia haya mambo alinisomea habari za wakulima wa Marekani ambazo zilinifanya niandike barua hii, kwaiyo naomba nizieleze kidogo. Baada ya vita yao ya wenyewe kwa wenyewe iliyoisha 1865, karani mmoja wa idara ya kilimo anaitwa Oliver Hudson Kelley alitumwa mwaka 1866 kwenda majimbo ya kusini kuangalia hali ya mashamba, akakuta wakulima wameumia na kila mtu yupo peke yake. Mwaka uliofuata, Desemba 1867, yeye na wenzake wakaanzisha pale Washington umoja wa wakulima wenye undugu, unaitwa Grange. Mpwa wake, Caroline Hall, ndo alisisitiza wanawake waingie kama wanachama kamili, na wakaingia wakiwa na kura zao, wakati kura ya nchi nzima wanawake wa Marekani wameipata 1920. Kulikuwa na nafasi nne za uongozi ambazo waliziweka ziwe za wanawake tu. Mwanachama anapanda ngazi na ngazi za mwanzo zimepewa majina ya kazi za shamba, kibarua, mlimaji, mvunaji, mpaka mkulima mwenyewe, mi nilipenda sana hapo maana sisi pia anayeingia mpya anaanza kwa kubeba maji ya watu.

Sasa sikieni hili. Hilo neno grange lenyewe maana yake ya zamani ni ghala la nafaka. Na ugomvi wao mkubwa ulikuwa ni nauli za reli na bei za wenye maghala, maana mkulima alikuwa hana pengine pa kupeleka ngano yake anatozwa wanavyotaka. Walipigania mpaka majimbo yakatunga sheria za kudhibiti, wenye maghala wakaenda mahakamani, na mwaka 1877 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema serikali ya jimbo ina haki ya kupanga bei za maghala kwa sababu mali hiyo inagusa maisha ya watu wote. Walipigania na barua ziletwe mpaka vijijini majumbani mwa watu, hiyo ikaanza 1896. Na kumbi zao zilisimama vijijini, watu wanakula pamoja, wanacheza, wanajadili bei, wanazikana. Mpaka leo nyingine zipo. Nilimwambia mwanangu asome tena pale kwenye ghala, akasoma mara ya pili.

Sisemi tufanane na Wamarekani. Wao walikuwa na ardhi na reli, huku reli ilifika Tabora mwaka 1912 na bado mpaka uifikie kutoka kijijini kwetu ni safari. Nasema tu kwamba watu wenye akili zao waliona kikundi cha wakulima kinahitaji paa.

Na kuhusu kuzalisha, sisi watu wa Urambo tusingetakiwa kuambiwa habari ya kuzalisha kirahisi hivyo. Mwaka 1947 Waingereza walileta mradi wa karanga hapa, Kongwa na Nachingwea, matrekta yakashushwa, babu yangu alifanya kibarua cha kung'oa visiki, alikuwa anasema hajawahi kuona chuma kingi kiasi kile sehemu moja. Mwaka 1951 ukaachwa. Fedha nyingi sana ilipotea. Waliobaki hapa ni watu na majembe yao na majirani zao, na ndo hao hao waliokuja kuilima tumbaku iliyofuata.

Kwenye mkutano ambao tuliitwa kuelezwa hayo mambo ya kuondoka ghalani, alisimama mzee mmoja, ni baba yetu mdogo kwa ukoo na haongeagi sana kwenye vikao. Akamsalimia yule mgeni mfanyabiashara vizuri tu, akamkaribisha kijijini, alafu akamuuliza, "Mwanangu, ukishalichukua ghala, siku mimi nikifa hawa watoto wataazima viti kwa nani?" Yule kijana alinyamaza. Kwakweli simlaumu yeye, ni mtu anatafuta riziki na aliongea kwa adabu, alisema hata yeye hakuambiwa kama ndani kuna vitu vya watu, aliambiwa ni ghala la zamani halina kazi. Hilo ndo lililonikasirisha. Nani alimwambia halina kazi na kliniki ilikuwa pale wiki hiyo hiyo?

Nitakuwa muongo nisiposema upande wa pili. Kijiji chetu hakina hela na mahitaji ni ya kweli, choo cha shule kimetitia na nyumba ya mwalimu haijaisha, kodi ya mfanyabiashara ingesaidia. Ndani ya kikundi hatujakubaliana jinsi ya kujibu. Wapo wanaosema tusitoe hata hatua moja, jasho letu lipo kwenye kila bati. Mi binafsi naona ghala ni refu, linaweza kukatwa na ukuta, upande wa barabarani kijiji kikapangisha kwa huyo kijana tangu Juni mpaka Oktoba wakati mahindi yananunuliwa, kodi ikaenda shuleni moja kwa moja na ikasomwa kwenye mkutano, upande wa ndani ukabaki wa akiba ya chakula na vitu vya msiba. Wenzangu baadhi wameninunia kwa wazo hilo. Lakini ukuta huo tuujenge baada ya kuandikiana, sio kabla, na kwenye maandishi iandikwe miaka.

Maana mkutano mkuu wa kijiji ndo wenye neno. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, lakini kugawa lazima kupitie mkutano mkuu, na mkutano mkuu ulishasema neno lake kwa mikono juu. Kama linabadilishwa libadilishwe na mikono ile ile, mchana, watu wote wakiwepo, na waulizwe kwanza nani hajawahi kuazima sufuria pale. Mkutano unatakiwa kila miezi mitatu na wa mwisho umeshapita muda wake. Tunaomba uitishwe. Hatujaomba hela ya mtu, hatujaomba mgeni rasmi, hatuhitaji fulana za kikundi.

Na kwa wasomaji wa gazeti hili, mkiwa Sikonge, Nzega, Kaliua, Kigoma au popote, kama kijiji chenu kina kikundi kama chetu na kimepewa jengo, naomba muandike kwenye ukurasa huu mliandikianaje na kijiji, maneno gani mliweka, muda gani, nani ana ufunguo. Sisi tumejifunza kulima na kuhifadhi lakini kuandika mikataba hatujajua na sioni aibu kusema hivyo. Nakala ya barua hii nitaibandika kwenye mlango wa ghala kama mtaitoa.

Jumatatu hii tunaenda kumvunia mahindi bibi mmoja ambaye macho yake hayaoni tena vizuri, shamba lake lipo bondeni na ng'ombe wameshaanza kuliingia. Tunaanza saa kumi na mbili, ngoma ipo.

Mama mkulima, katibu wa kikundi,
Urambo, Tabora